Kome ndani ya tangi la sato: kwa nini wanakufa, na pa kuwaweka

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nina tangi jeupe la IBC (lile la plastiki la mraba lenye fremu ya chuma) la lita 1,000 lenye sato 40, kila mmoja kama gramu 150, na vitanda viwili vya kokoto, kila kimoja mita moja ya mraba. Nimepanda sukuma wiki, spinachi na nyanya. Maji ya tangi ni ya kijani kama mlenda. Niliambiwa kome wanachuja maji, basi mimi na wanangu tukaokota 30 ufukweni tukawatia ndani ya tangi. Wiki ya pili hii wameshakufa 11 na harufu haivumiliki. pH, kile kipimo cha asidi ya maji, napima kila asubuhi, ni 7.2. Amonia ilikuwa miligramu 0.5 kwa lita kabla hawajaanza kufa. Samaki wanakula gramu 120 kwa siku. Kila Jumamosi natia kikombe cha majivu ya kuni, nyanya zipate potasiamu. Waliobaki niwafanyeje? Na kweli kome anakaa kwenye akwaponiki, yaani huku kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yale yale yanayozunguka, au nilidanganywa?

Jibu: Tuanze na hao 19, sababu zitafuata. Watoe wote leo hii ukiwa umevaa glovu ndefu (sababu yake iko mbele), uwatie kwenye beseni la maji ya ziwa, au maji ya bomba yaliyokaa wazi siku mbili. Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hutiwa klorini, na kome haivumilii. Weka humo jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya pampu ya hewa. Kisha mkague mmoja mmoja. Kome mzima akiguswa hujifunga, na ukishika vipande viwili vya kombe lake kwa gumba na kidole cha shahada ukajaribu kuviteleza, kimoja mbele kimoja nyuma, havisogei. Aliyekufa yuko wa namna mbili. Kuna anayebaki mdomo wazi. Huyo pua itakuonyesha. Na kuna aliyejaa tope ndani: amefunga vizuri, ni mzito mkononi kuliko wenzake, ila vipande vyake vinateleza. Huyu wa pili ndiye anayerudishwa tangini kwa kudhaniwa mzima. Uliokota 30, kwa hiyo hesabu yako lazima ifike 30. Akipungua hata mmoja, rudi na glovu zako ukapapase chini ya tangi kwenye kona na kuzunguka pampu.

Samaki wape nusu ya chakula kwa siku tatu, na kila siku toa lita 150 hadi 200 za maji ya tangi ukayamwage shambani, ujaze kwa maji yaliyokaa. Usitie dawa yoyote.

Sasa sababu. Nyama ya kome mmoja wa ukubwa wa kawaida tukiikadiria gramu 12, na protini asilimia 10 ya hiyo, akioza hutoa kiasi cha gramu 0.19 za naitrojeni, ambayo karibu yote hupitia kwenye amonia. Kwa lita 1,000 mmoja si kitu, miligramu 0.19 kwa lita. Kumi na mmoja ni zaidi ya miligramu 2. Ndiyo maana kome hufa kwa mfululizo, kama kuku wa mdondo. Wa kwanza anaandaa kifo cha wa pili. Mwaka 2013 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilishusha viwango vya amonia vinavyoruhusiwa kwenye mito na maziwa, na viumbe waliosababisha kushushwa huko ni hasa kome, kwa kuwa ilionekana wanaumizwa na kiasi ambacho samaki wengi wanakihimili. Kiwango cha muda mrefu kiliwekwa miligramu 1.9 kwa lita, maji yakiwa na pH 7 na nyuzi 20. Joto na pH vikipanda, kiwango hicho kinashuka. Maji yako yana nyuzi 25 na zaidi, kwa hiyo lengo lako liwe kipimo kisichobadili rangi kabisa.

Utauliza: lakini wa kwanza alikufaje, wakati amonia ilikuwa 0.5 tu? Tazama saa unayopima. Maji ya kijani ni maji yaliyojaa mwani, na mwani mchana kutwa unafyonza kaboni dayoksaidi kutoka majini. Kaboni dayoksaidi ikipungua, pH inapanda. Tangi la kijani linalosoma 7.2 saa moja asubuhi si ajabu lisome 9 saa kumi jioni. Amonia ina sura mbili, na yenye sumu kali ni ile inayoongezeka pH inapopanda: kwa nyuzi 25, kwenye pH 7.2 ni chini kidogo ya asilimia 1 ya amonia yote, kwenye pH 9 ni asilimia 36. Kwa hiyo 0.5 ile ile, bila chembe kuongezeka, ina sumu mara 40 zaidi jioni kuliko ulipoipima. Sato ni mgumu, anapita hapo akitweta kidogo. Kome anafunga kombe na kungoja, lakini hawezi kufunga kila jioni kwa wiki mbili. Kesho pima mara mbili, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, uone mwenyewe pengo lilivyo.

Kuna na majivu. Hapa wengi huteleza, maana majivu kwa mboga ni mazuri na kila mwongozo wa bustani unayasifu. Majivu ya kuni yana potasiamu inayoyeyuka haraka. Tukiikadiria asilimia 5 tu ya uzito, kikombe cha gramu 100 kinaleta gramu 5, yaani miligramu 5 kwa kila lita ya tangi lako, kila Jumamosi. Maji ya Ziwa Victoria, alikozaliwa huyu kome, yana miligramu chache tu za potasiamu kwa lita. Kwa mmea hicho ni chakula. Kwa kome ni sumu ya polepole. Huko Virginia, Marekani, mwaka 2006 waliwaangamiza kome vamizi wa shimo zima la machimbo lililojaa maji kwa kutia chumvi ya potasiamu peke yake, na samaki walibaki. Juu ya hayo, majivu yanapandisha pH ghafla siku unayoyatia, na tumeshaona pH inaifanyia nini amonia. Kwa mfumo wenye kome, majivu yaishie kwenye bustani ya udongo, pamoja na hizo nyanya. Sukuma wiki, spinachi, mchicha na matembele haviidai potasiamu kama nyanya inavyoidai.

Waliosalimika amonia na majivu wangekuja kuuawa na njaa, na hiyo ingekuchanganya zaidi. Kome mwenye njaa anakonda ndani ya kombe, nje haonekani. Anaweza kukaa miezi miwili mitatu akionekana mzima, kisha wanafululiza kufa wiki moja na mwenye tangi anaapa maji yalikuwa safi. Yalikuwa safi mno, hilo ndilo lililowaua.

Kwa hiyo hukudanganywa, uliambiwa nusu. Kome anachuja, ni kweli: anavuta maji kwa tundu moja nyuma ya mwili, anayapitisha kwenye mashavu, anayatoa kwa tundu la pili, na mmoja wa sentimita 5 au 6 unaweza kumhesabia nusu lita kwa saa au zaidi. Anachonasa ni vitu vinavyoelea: mwani, bakteria, vumbi la vyakula. Amonia na naitreti (ile amonia iliyokwisha kugeuzwa na bakteria kuwa chakula cha mimea) zimeyeyuka, zinampita. Kinyesi cha samaki kilichotulia chini hakigusi. Na yeye mwenyewe anakojoa amonia kama mnyama mwingine. Kazi ya kusafisha amonia ni ya bakteria wa kwenye kokoto, na kome hawezi kuwasaidia hata kidogo. Mhesabu kama mfugo wa tatu baada ya samaki na mboga, mfugo unaokula maji ya kijani.

Ukijani wa tangi lako una dawa nyingine, rahisi. Tangi jeupe la IBC linapitisha mwanga pande zote nne. Lipake rangi nyeusi kwa nje, tabaka mbili, kisha nyeupe juu yake lisichemke kwa jua. Juu funika kwa neti ya kivuli ya asilimia 80 au bati lililoinuliwa kidogo hewa ipite. Mwani ukikosa mwanga utakwisha ndani ya wiki mbili hivi. Usifunike ghafla siku moja bila hewa ya kutosha, maana mwani unaokufa wote kwa pamoja unanyonya oksijeni, na Mwanza tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari: maji ya nyuzi 25 hapa yanabeba miligramu 7.2 hivi za oksijeni kwa lita, wakati Dar es Salaam yangebeba zaidi ya 8. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo. Samaki wakionekana juu wakipumua kwa midomo saa kumi na moja alfajiri, ongeza jiwe la hewa kabla ya kuendelea kufunika.

Upande wa chakula, kipimo kinachotolewa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa mboga za majani ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mimea. Wewe una mita mbili, kwa hiyo mfumo wako unabeba gramu 80 hadi 100. Unalisha 120. Ile 0.5 haikuja bure. Ama ongeza kitanda cha tatu, ama wavue sato kumi wakubwa muwale.

Sasa makazi ya kome. Wapo wanaoelekeza maji ya kitanda yapitie kwenye pipa la kome kisha yarudi tangini. Inawezekana, lakini kwa anayeanza siipendekezi: chakula cha kome kinasombwa na mkondo kabla hakijaliwa, na kome akifa usiku sumu inakwenda moja kwa moja kwa samaki. Mweke kwenye pipa la pembeni lisilounganishwa, maji uyabebe kwa ndoo.

Chukua pipa la plastiki la lita 200, la bluu, lililokuwa na kitu cha kuliwa: mafuta ya kula, juisi, asali. Lililokuwa na sabuni au kemikali liache hata kama ni la bure. Likate katikati kwa urefu kwa msumeno, upate mahori mawili. Moja linakutosha. Lilaze kwenye matofali lisiyumbe, chini ya kivuli cha mchana. Jua la asubuhi halidhuru. Mimina ndoo moja ya lita 20 ya mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yatoke meupe. Ndoo hiyo itakupa kina cha kama sentimita 8 katikati ya hori, kinachotosha kome kujizika theluthi mbili. Mchanga wa eneo la ujenzi una vumbi la saruji, na saruji inapandisha pH, usiutumie. Jaza maji ubakize vidole viwili chini ya ukingo. Hapo una lita 70 hivi za maji. Ning'iniza jiwe la hewa sentimita tano juu ya mchanga, upande mmoja, lisitimue mchanga wala kuwapulizia wenyewe.

Maji ya kuanzia yatoke kwenye mdomo wa kitanda cha kokoto, yanapodondokea tangini. Hapo ndipo amonia iko chini kabisa na hewa iko juu kabisa. Subiri tangi lako litulie kwanza, amonia isome sifuri siku tatu mfululizo. Kisha kila baada ya siku mbili toa ndoo moja ya lita 20 kwenye hori, uimwage juu ya kitanda cha mboga, na urudishe ndoo nyingine kutoka mdomo wa kitanda.

Kwa lita 70 weka kome sita. Najua una 19 na unaona huruma, lakini piga hesabu: sita kwa nusu lita kwa saa ni lita 3 kwa saa, na kwa siku moja wameshapitisha hori zima katika mashavu yao. Kumi na tisa watalimaliza kwa saa nane na kubaki wanachuja maji matupu. Wachague sita wanaofunga upesi, na waliobaki warudishe ulikowatoa, ufukwe ule ule, sio mto mwingine wala bwawa la jirani. Kabla ya kuwarudisha mwone afisa uvuvi au BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo wa karibu. Ungewaona kabla ya kuokota ingekuwa vizuri zaidi, na wakati mwingine fanya hivyo.

Chakula chao utakilima mwenyewe. Tafuta dumu au ndoo inayopitisha mwanga, lita 50, uliweke juani. Tia lita 45 za maji ya tangi la samaki, ambayo yana naitreti ya kutosha kuulisha mwani, na lita 3 za maji yako ya sasa ya kijani kama mbegu. Yachuje kwanza kwa kitambaa cha kanga, wadudu wa majini wanaokula mwani wasiingie. Koroga asubuhi na jioni. Siku ya tano hadi ya saba yatakuwa tayari. Ukitaka kujua, funga kisahani cheupe cha chai kwa uzi, ukizamishe: kikipotea machoni kabla ya kufika sentimita 20, vuna. Kila unapotoa lita 3 rudisha lita 3 za maji ya tangi, na dumu litaendelea miezi. Likigeuka kahawia au kuanza kunuka, mwaga, sugua, anza upya. Kuwa na madumu mawili yanayopishana wiki moja kunakuokoa siku hiyo.

Mbegu usiichote ziwani wakati ule maji ya ghuba yanapoweka utando wa kijani kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Hicho ni kijani cha bakteria wa bluu-kijani, kome hanufaiki nacho na baadhi ya aina zake zina sumu ya ini, kwako na kwa kuku wako pia. Na msimpe hamira, unga wa mahindi wala maziwa, kama wengine wanavyoshauriana. Kome anakamata kidogo, kilichobaki kinaoza.

Lisha saa mbili asubuhi, kabla pH ya dumu haijapanda kwa jua. Mimina lita 3 polepole pembeni. Hori litakuwa na ukijani mwepesi kama maji ya chai ya mchaichai. Sasa kaa utazame, hapa ndipo utajua una kome au una makombe. Baada ya dakika kumi au ishirini kombe linafunguka milimita mbili tatu upande uliobaki juu ya mchanga, na ndani yake utaona matundu mawili yenye ukingo kama pindo, moja lina vijinywele, la pili ni laini. Ukipitisha kivuli cha mkono juu yake, anafunga. Kome anayefungua mchana kutwa na kufunga kwa uvivu, kama mlango wenye bawaba iliyolegea, ana tatizo. Mtenge kwenye ndoo yake siku hiyo hiyo. Anayetoka mchangani na kutambaa huku na huko akiacha mfereji, hajapenda mahali: mara nyingi ni njaa au hewa ndogo.

Jioni rudia kisahani chako, kwenye hori safari hii. Kikionekana wazi mpaka kwenye mchanga, wamekula vyote, kesho ongeza lita moja. Kama ukijani haujapungua, usiongeze chochote, pima amonia kwanza. Pembeni mwa kila kome utaona vijipande vya kijani-kahawia kama punje za mtama. Ni kinyesi na mabaki aliyoyakataa. Vinyonye kwa mpira mwembamba mara moja kwa wiki na uvipeleke kwenye miche. Faida ya kweli ya kome kwa mboga zako ni hiyo.

Kombe ni chokaa, na chokaa huyeyuka maji yakiwa na asidi. Mfumo wa akwaponiki unazalisha asidi kila siku, kwani bakteria wanapogeuza gramu moja ya naitrojeni ya amonia wanakula gramu 7 hivi za uwezo wa maji wa kuzuia asidi, ukipimwa kama chokaa. Maji ya ziwa letu hayana madini mengi, yanaishiwa mapema. Hapo ndipo ulipotaka majivu yakusaidie. Badala yake nunua kilo 2 za makombe yaliyopondwa yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya kuku, yaoshe, yatie kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu na uyaning'inize pale maji ya kitanda yanapodondokea. Yanayeyuka yenyewe pH ikishuka na kuacha ikipanda, hayazidishi. Ndani ya hori tia konzi mbili. Kwenye kome, dalili ya upungufu ni kilele cha kombe, pale kwenye bawaba, kuanza kuchubuka na kuonyesha weupe wa lulu. Mchubuko mdogo wengi wanao tangu ziwani. Unaotanuka mwezi hadi mwezi ndio wa kushughulikia. Waandike namba moja hadi sita kwa rangi ya kucha, upige picha kila mwisho wa mwezi.

Kuhusu aina: mwenye umbo la yai, kombe nene kiasi, ambaye wataalamu humweka kwenye jenasi Coelatura, ni wa kuanzia. Mrefu mwembamba mwenye kombe jepesi linalong'aa ndani, wa jenasi Mutela, huvunjika kirahisi. Yule mdogo wa pembetatu mwenye mistari iliyopangana, Corbicula, hula pia vilivyomo mchangani kwa mguu wake, kwa hiyo anavumilia njaa kidogo zaidi. Chaza aliyeganda kwenye mwamba, Etheria, usimbandue; hataishi. Wala usitegemee wazaane hapo kwenye hori: watoto wa kome wa aina nyingi lazima wapande samaki na kuishi juu yake kwa muda kabla ya kushuka mchangani. Hiyo nayo ni sababu ya kutowachanganya na vifaranga wa sato. Kambale atawafukua, na kamongo atawatafuna na kombe lake.

Umesema uliokota na watoto. Hili lina uzito kuliko kome wote. Kome haambukizi kichocho, lakini maji ya ufukweni anakokaa ndiyo maji ya konokono wa kichocho, na mwambao wa Mwanza ni eneo la ugonjwa huo. Wapeleke wapimwe choo, ila ukienda mapema mno kipimo hakitaona kitu, kwa sababu mayai ya minyoo huanza kuonekana kama wiki sita baada ya kuingia majini. Kwenye zahanati eleza tarehe. Dawa yake, praziquantel, ipo. Siku nyingine ni buti za mpira na glovu ndefu, na watoto wabaki mchangani.

Konokono wenyewe wanaweza kuwa wamekuja na mzigo. Wakague kome, mchanga na magugu yoyote: wa kichocho cha tumbo ni bapa, amejikunja kama kamba iliyozungushwa mezani, kahawia, mdogo kuliko sarafu. Mayai yake ni tone la ute angavu lililoganda kwenye kombe. Yakwangue, na konokono mponde ukiwa na glovu. Aliyezaliwa tangini mwako hana maambukizi mradi kinyesi na mkojo wa mtu haviingii humo, lakini aliyetoka ziwani tayari ameambukizwa anaweza kuendelea kumwaga vijidudu kwa wiki nyingi, hata miezi. Kwa hiyo usiingize mkono mtupu kwenye tangi wala kwenye kokoto. Maji ya ziwa yasiyo na konokono yakikaa saa 48 kwenye pipa, vijidudu hivyo vinakufa vyenyewe.

Usiwaue konokono kwa mrututu, ambao ni chumvi ya shaba. Shaba inaua kome pamoja na konokono, na haitoki: inabaki kwenye kokoto. Kwa sababu hiyo hiyo koki na viungio vya shaba vitoe, tumia vya plastiki. Sato akipata ukungu na ukataka kumwogesha maji ya chumvi, mtoe umwogeshee kwenye ndoo. Dawa ya kupulizia wadudu wa sukuma wiki isisogee kabisa. Vidukari vioshe kwa maji.

Kuwala? Hawa wa sasa hapana. Kome anakusanya mwilini alichochuja, na Ghuba ya Mwanza inapokea maji ya jiji zima, ukiwemo Mto Mirongo. Anayekufa wape bata nyama yake ikiwa mbichi bado, haijaanza kunuka, na kombe liponde kwa ajili ya kuku.

Umeme ukikatika, kome atajifunga na kusubiri saa kadhaa, sato hasubiri. Betri ya pampu ya hewa ipeleke kwa samaki, na hori la kome chota maji kwa kopo uyamwage kutoka juu, mara ishirini, kila saa. Usilishe mpaka umeme urudi.

Miezi mitatu ikipita, wote sita wakiwa wanafunga upesi na kisahani kikionekana kila jioni ukiwa umefika lita 5 za kijani kwa siku, andaa lile hori la pili ulilolikata.